Martin Kayamba na Chama cha Makarani wa Tanga

Vijana wanaosoma Tanga leo wanalijua vema jina la Shaaban Robert, na ni haki yao walijue. Jina la Martin Kayamba hawalijui sana, ijapokuwa katika miaka ya 1920 na 1930 lilitajwa kuanzia Unguja mpaka Bukoba, na safari moja lilifika hata katika Bunge la Uingereza. Kayamba hakuwa chifu, wala hakuwa tajiri. Alikuwa karani. Lakini karani huyu ndiye aliyewakusanya wasomi wa mji wetu katika chama kimoja mwaka 1922, wakati ambapo wasomi hao walikuwa na sababu nyingi za kuchukiana.

Jarida hili ni la watu waliosoma pamoja na ambao bado wanapenda kukutana. Kwa hiyo yafaa tukijue chama kile: kilizaliwaje, kilifanya nini, mlango wake ulikuwa wazi kwa nani, na ulifungwa kwa nani. Habari hizo haziwezi kutengwa na maisha ya mwanzilishi wake.

ASILI YAKE

Hugh Martin Thackeray Kayamba alizaliwa mwaka 1891 huko Mbweni, kusini ya mji wa Unguja. Mbweni palikuwa na shamba la misheni ya Kiingereza iitwayo U.M.C.A., na hapo walikaa watu wengi waliokombolewa katika utumwa. Kwa upande wa baba, Kayamba alikuwa Mbondei. Asili yao ilikuwa Bonde, nchi iliyo kati ya Tanga na milima ya Usambara, na ukoo wao ulijinasibisha na Wakilindi, ambao walitawala Usambara kabla ya kuja kwa Wazungu.

Misheni hiyo iliingia Bonde tangu miaka ya 1860, na Magila, karibu na Muheza, ndipo palipokuwa makao yake makubwa upande wa bara. Watoto wa Kibondei walioonyesha akili darasani walivushwa bahari kupelekwa Unguja, katika chuo cha Kiungani. Baba yake Martin, Hugh Peter Kayamba, alikuwa mmoja wao. Alipata hata kupelekwa Uingereza kusoma, akarudi akawa mwalimu. Katika siku zile Waafrika wa pwani yetu waliosoma Uingereza waliweza kuhesabiwa kwa vidole.

Basi Martin alikulia katika nyumba ambamo kitabu hakikuwa kitu cha ajabu. Jambo hili tulikumbuke, maana lilimpa faida ambayo wenzake wengi hawakuipata, na pengine lilimfanya aone kuwa kusoma ndiyo njia ya kila mtu.

KIUNGANI

Kiungani kilianza na wavulana waliotolewa katika majahazi ya watumwa. Baadaye kikawa chuo cha kufundisha waalimu na mapadre wa misheni, kikipokea wavulana kutoka Bonde, Masasi na nchi za Ziwa Nyasa. Mle ndani walikutana Wabondei, Wayao, Wamakua na Wanyasa, kila mmoja na lugha ya mama yake. Kiswahili kiliwaunganisha, na Kiingereza walifundishwa kwa bidii. Mpira wa miguu ulichezwa Kiungani kabla haujajulikana katika sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki.

Mvulana aliyemaliza Kiungani alitoka na mali mbili. Ya kwanza ilikuwa Kiingereza chake. Ya pili ilikuwa marafiki zake, waliotawanyika pwani nzima na bara, mmoja mwalimu, mmoja karani, mmoja padre. Waliandikiana barua, walikaribishana safarini, na walipeana habari za kazi. Msomaji aliyekaa bweni atalielewa jambo hili bila kuelezwa zaidi.

Kayamba hakudumu katika ualimu. Kama vijana wengi wa Kiungani, alivutwa na kazi za ofisini, akaenda kufanya ukarani Kenya na Uganda chini ya serikali ya Waingereza. Huko alijifunza jinsi ofisi inavyoendeshwa: faili, hesabu, barua, taarifa. Alijifunza pia ngazi ya ofisi za kikoloni ilivyo. Mzungu alikaa juu, Mhindi na Mgoa wakakaa katikati, na Mwafrika akakaa chini hata kama kazi yake ilikuwa nzuri sawa na ya wale waliomzidi mshahara.

VITA VYA WADACHI

Mwaka 1914 Kayamba alikuwa amerudi upande wa Tanganyika, ambayo wakati huo ilikuwa koloni la Wadachi, akijaribu biashara katika nchi ya baba zake. Vita vikuu vilipozuka mwezi wa Agosti mwaka ule, alijikuta upande wenye hatari. Wadachi waliwashuku watu wote wa misheni ya Kiingereza kuwa ni wapelelezi. Mapadre Wazungu walikamatwa, na waalimu Waafrika walikamatwa pia, tena wao waliteswa zaidi. Wengine walitiwa minyororo. Mtu aliyejua Kiingereza, aliyesoma Kiungani na kufanya kazi Kenya, hakuwa na la kujitetea.

Mwezi wa Novemba 1914 majeshi ya Waingereza na Wahindi yalishuka pwani ya Tanga, upande wa Ras Kazone, yakapigwa vibaya na askari wa von Lettow-Vorbeck na kurudishwa melini. Baada ya ushindi ule Wadachi waliendelea kuishika Tanga mpaka Julai 1916. Kayamba alifungwa na kupelekwa bara pamoja na wafungwa wengine, hata akafikishwa Tabora. Huko alikaa mpaka Wabelgiji walipouteka mji mwezi wa Septemba 1916 na kuwafungulia wafungwa.

Mwaka 1917 aliingia kazini Tanga, katika ofisi ya utawala wa Waingereza, akiwa mkalimani na karani. Waingereza walikuwa wameteka nchi wasiyoijua, na watu wa kuwaandikia na kuwafasiria walikuwa wachache. Kayamba alipanda haraka, na baada ya miaka michache akawa karani mkuu wa ofisi ile. Mfungwa wa jana akawa mtu ambaye raia, jumbe na akida walipaswa kupitia mezani pake kabla ya kumwona Bwana Shauri.

SHULE MBILI, MJI MMOJA

Hapa ndipo penye kiini cha habari yetu. Tanga ya miaka ile ilikuwa na wasomi wa aina mbili.

Wa kwanza walikuwa watu wa Skuli ya Tanga. Wadachi walifungua shule ya serikali hapa mjini mwaka 1892, na haikuwa shule ya dini, jambo lililowawezesha wazee Waislamu wa pwani kuwapeleka watoto wao bila hofu ya kubatizwa. Shule ile ilikua ikawa kubwa, ikafundisha uandishi na hesabu, na ufundi pia, pamoja na kazi ya kupiga chapa. Gazeti la Kiswahili lililoitwa Kiongozi lilichapishwa hapo. Wavulana wake walitawanywa koloni zima, wakawa makarani, waalimu na maakida. Kwa sehemu kubwa, utawala wa Wadachi uliandikwa kwa Kiswahili kwa mikono ya vijana waliofundishwa Tanga.

Wa pili walikuwa watu wa Kiungani: Wakristo, wengi wao Wabondei na watu wa kusini, wenye Kiingereza na desturi za misheni.

Katika vita, makundi haya mawili yalisimama pande mbili. Wengi wa Skuli ya Tanga walitumikia serikali ya Wadachi, wakati watu wa Kiungani walikuwa vifungoni. Vita vilipokwisha, mambo yakageuka juu chini. Kidachi hakikuwa na thamani tena, na mtu aliyekuwa karani mkubwa mwaka 1913 akajiona hana kazi, au anaanza upya chini ya kijana aliyekuwa mfungwa. Wa Kiungani walitakiwa kila ofisi kwa sababu ya Kiingereza chao. Ongeza juu yake tofauti ya dini, na tofauti ya mtu wa pwani na mtu wa bara, utaona kuwa palikuwa na kuni kavu za kutosha kuwasha moto.

Kayamba angaliweza kulipiza kisasi. Cheo alikuwa nacho, na masikio ya wakubwa alikuwa nayo. Angaliweza kuwajaza ofisini watu wa Kiungani watupu na kuwaacha wa Skuli ya Tanga wahangaike. Yeye alichagua njia nyingine.

CHAMA CHA 1922

Mwaka 1922 Kayamba na wenzake waliunda Tanga chama kilichoitwa kwa Kiingereza Tanganyika Territory African Civil Services Association. Kwa lugha yetu tungesema Chama cha Watumishi Waafrika wa Serikali ya Tanganyika. Kilikuwa chama cha kwanza cha namna yake katika nchi hii. Mwafrika mtumishi wa serikali aliweza kuingia awe Mwislamu au Mkristo, awe wa Kiungani au wa Skuli ya Tanga, awe Mdigo, Mbondei, Msegeju au Myao. Katika chama hiki aliyekuwa amefungwa na Wadachi alikaa pamoja na aliyewatumikia Wadachi.

Chama kilikuwa na makusudi mawili. La kwanza lilikuwa kuwapa wanachama mahali pa kukutana baada ya kazi, kusoma magazeti, kucheza mpira, kujifunza zaidi na kusaidiana. Usidharau jambo hili. Wazungu walikuwa na klabu zao, Wahindi walikuwa na jumuiya zao, lakini karani wa Kiafrika akitoka ofisini jioni alirudi kwake Ngamiani, kila mtu na ukoo wake au kabila lake. Pa kukutana kwa jina la Mwafrika hapakuwapo.

Kusudi la pili lilikuwa kusema na serikali. Mshahara, vyeo, na heshima mahali pa kazi vilikuwa manung'uniko ya kila siku, lakini mtu mmoja akinung'unika peke yake huitwa mkaidi. Chama kiliandika barua kwa Kiingereza safi, kwa adabu, kikitaja hoja moja baada ya nyingine. Serikali haikuzoea kupokea barua za namna ile kutoka kwa Waafrika. Haikutoa yote yaliyoombwa, lakini ililazimika kujibu, na kule kujibu kulikuwa kukubali kwamba kuna mtu upande wa pili.

Katika miaka hiyo hiyo ya 1920 chama kilipata tawi Dar es Salaam. Hivyo wazo lililozaliwa katika mji wetu likafika makao makuu.

Wasomaji waliosoma ng'ambo watakumbuka kuwa vyuo vya Marekani vina vyama vya wanafunzi bora, vyenye tawi katika kila chuo kinachokubaliwa. Kilicho maarufu kuliko vyote, Phi Beta Kappa, kilianzishwa mwaka 1776 katika chuo cha William and Mary, huko Virginia. Huko mtu huingia kwa alama zake za masomo, na akiingia huwa mwanachama maisha yake yote. Chama cha Tanga hakikuuliza alama, bali kiliuliza kazi. Lakini kwa kuwa kazi ya serikali ilipatikana kwa kusoma, na shule zilikuwa chache mno, matokeo yalikaribiana: walikuwa wateule wakikutana na wateule. Sifa ya chama ilikuwa hapo, na kasoro yake pia.

SAFARI YA UINGEREZA

Sifa za Kayamba zilienea. Gavana Donald Cameron, aliyekuja Tanganyika mwaka 1925, alimwona kuwa mtu wa kutegemewa. Kayamba aliingizwa katika kamati ya kuishauri serikali juu ya elimu ya Waafrika, na baadaye akapata nishani ya M.B.E.

Wakati huo palikuwa na shauri zito. Masetla wa Kenya, na baadhi ya wakubwa London, walitaka Kenya, Uganda na Tanganyika ziunganishwe chini ya serikali moja. Kwa Waafrika wa Tanganyika maana yake ilikuwa wazi. Masetla wa Kenya wangepata sauti katika nchi yetu, na yale ya Kenya, yaani kunyang'anywa ardhi na kuvaa kipande shingoni, yangeweza kuvuka mpaka. Tume ya Hilton Young ilizunguka Afrika ya Mashariki mwaka 1928, na kisha Bunge la Uingereza likaunda kamati ya kusikiliza mashahidi.

Mwaka 1931 Waafrika watatu wa Tanganyika walipelekwa London mbele ya kamati hiyo: Chifu Makwaia wa Usiha, Shinyanga, Francis Lwamgira wa Bukoba, na Martin Kayamba wa Tanga. Wote watatu waliukataa muungano huo. Kayamba alikuwa na uzito wa pekee, maana alikuwa ameishi Kenya na kufanya kazi huko. Hakusema mambo ya kusikia. Mwisho wa yote, kamati ilishauri kwamba muungano usifanywe wakati ule. Si haki kusema kuwa watu watatu waliyazuia hayo peke yao, kwa sababu Wahindi na Waafrika wa nchi zote tatu walipinga, na fedha nazo zilikuwa ngumu duniani. Lakini kwa mara ya kwanza Waafrika wa nchi yetu walisema wenyewe katika Bunge la mtawala, na mmoja wao alikuwa karani wa Tanga.

Habari za safari ile Kayamba aliziandika kwa Kiswahili katika kitabu kilichoitwa Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza, kilichochapishwa London mwaka 1932. Siku zile vitabu vingi vya Kiswahili vilivyochapishwa vilikuwa vya Wazungu au tafsiri za vitabu vya Wazungu. Mwafrika kuandika safari yake mwenyewe, akiwaeleza wenzake namna alivyoiona nchi ya watawala wake, lilikuwa jambo la kufungua macho. Aliandika pia maisha yake kwa Kiingereza, yakatokea mwaka 1936 katika kitabu cha Margery Perham juu ya Waafrika kumi.

Baada ya safari alihamishiwa Dar es Salaam, katika ofisi kuu ya serikali, akapewa cheo kilichomfanya awe Mwafrika wa juu kuliko wote katika utawala wa Tanganyika. Mwishoni mwa miaka ya 1930 alistaafu. Hakukaa sana akafariki, hata umri wa miaka 50 hakuufikia. Kitabu chake juu ya matatizo ya Mwafrika, African Problems, kilitoka mwaka 1948, yeye akiwa kaburini.

LAWAMA

Tukiishia hapo tutakuwa tumesimulia nusu. Kayamba alilaumiwa, na lawama zenyewe hazikuwa za kijicho tu.

Kwanza, alikuwa mtu wa serikali. Aliyemlipa mshahara ndiye huyo huyo aliyepaswa kumwambia kuwa anakosea. Mtu wa namna hiyo husema, lakini husema kwa kipimo. Kayamba aliamini kuwa Mwingereza mwema akielezwa vizuri atatenda haki, na imani hiyo ilimweka mbali na maneno makali. Vijana wa baada ya uhuru walimwona kuwa kibaraka. Naona hukumu hiyo ni nyepesi mno. Kamba aliyofungwa nayo ilikuwa fupi, naye aliitembea yote mpaka mwisho wake. Lakini kwamba ilikuwa kamba, hilo halikanushiki.

Pili, na hili ni zito zaidi, chama chake kilikuwa cha wenye kalamu tu. Tanga ya miaka ile ilisimama juu ya mkonge. Maelfu ya watu walitoka bara kuja kukata mkonge katika mashamba ya Bonde na Pangani, na makuli walibeba robota za singa bandarini na kuzipakia katika matishari. Hao hawakuwa na nafasi katika chama. Mchuuzi wa sokoni hakuwa na nafasi, wala fundi, wala mvuvi wa Chongoleani, wala mwanamke yeyote. Makarani walijenga daraja zuri kati ya Kiungani na Skuli ya Tanga, lakini chini ya daraja lile walipita watu wengi ambao hawakuwatazama.

Matokeo yake yalionekana. Dar es Salaam, mwaka 1934, wafanyabiashara wa Kiafrika wakiongozwa na Erica Fiah waliunda chama chao wenyewe kwa kuwa hawakuona makarani wakiwasemea. Na hapa Tanga, mwaka 1939, makuli wa bandari waligoma. Hawakuongozwa na chama cha wasomi. Walijiongoza wenyewe, na serikali ambayo ilikuwa imezoea barua za adabu ikakutana na sauti ya namna nyingine.

KILICHOBAKI

Lakini mbegu haihukumiwi kwa mti mmoja. Mwaka 1929 ilizaliwa Dar es Salaam African Association. Rais wake wa kwanza alikuwa Cecil Matola, mwalimu aliyesoma Kiungani, na katibu wake alikuwa Kleist Sykes, Mwislamu aliyekuwa askari katika jeshi la Wadachi wakati wa vita. Msomaji ameona mfano wake? Ni watu wa aina zile zile mbili ambazo Kayamba alizikalisha pamoja Tanga miaka 7 kabla yake. Tofauti ni kwamba African Association haikuuliza kama mtu ni mtumishi wa serikali. Iliuliza kama ni Mwafrika. Mlango uliokuwa nusu wazi ukasukumwa zaidi.

Kutoka hapo njia inajulikana kwa kila mwanafunzi. African Association ilikua ikawa T.A.A., na tarehe 7 Julai 1954 T.A.A. ikageuka kuwa TANU. Wana wa Kleist, Abdulwahid na Ally Sykes, walikuwa miongoni mwa waasisi. Chama kilichokataza ubaguzi wa kabila na dini, na kilichomwandikisha mkata mkonge pamoja na karani, ndicho kilicholeta uhuru mwaka 1961. Kayamba hakukiona, na pengine kingemtisha kidogo. Lakini Mwislamu na Mkristo kukaa katika halmashauri moja, na kusema kwa jina la Mwafrika badala ya jina la kabila, ni desturi ambayo makarani wa Tanga walikuwa wamekwisha kuianza.

NENO KWA WENZETU

Sisi tuliosoma shule moja tunapenda kukutana, na ni vema. Tunakumbushana majina ya utani, tunahesabu waliotangulia mbele ya haki, tunachanga kidogo kwa ajili ya madawati au mabati, tunapiga picha. Kila chama cha waliosoma pamoja huanza hivyo, nacho cha Kayamba hakikuanza na jambo kubwa kuliko chai, gazeti na mpira.

Maisha yake yanatuachia maswali mawili ambayo kila mkutano wetu ungefaa kujiuliza. La kwanza: je, tunakaa na yule ambaye tulikuwa tukishindana naye, au tunakaa na wa kwetu tu? Wako waliofaulu na kuendelea na masomo, na wako walioishia kidato cha nne wakarudi mashambani au baharini. Wote walikaa dawati moja. Kama katika orodha ya mkutano yanaonekana majina ya wenye vyeo peke yao, basi ofisi ndiyo iliyokutana, na shule haijakutana bado.

La pili: je, tukiondoka pale, kuna mtu wa nje ya mlango aliyefaidika? Kayamba alijibu swali la kwanza vizuri kuliko watu wengi wa wakati wake, na la pili akalijibu kwa nusu. Wanafunzi mliomo darasani hivi leo mna elimu, simu na uhuru ambavyo yeye hakuwa navyo. Nusu iliyobaki ni yenu.

Mungu amrehemu Martin Kayamba na wenzake wote wa mwaka 1922, ambao wengi wao majina yao hayasomwi tena na mtu. Waliandika barua zao kwa mkono ulionyooka, wakawaita mahasimu wao waje wakae, na wakatuachia desturi ambayo haifai kufa mikononi mwetu.